Hospitali ya Ghalani

9 Februari 1986

Kwa mpwa wangu Swali,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tumeamka wazima, mvua imeanza vizuri, na mkazamjomba wako anakusalimu na kusema umekonda. Nikamuuliza mke wangu amejuaje na hajakuona tangu mwaka juzi. Akasema mtu anayeandika barua fupi kama zako lazima amekonda. Mimi nakufikishia tu, mjumbe hauawi. Kaburi la mama yako tumelipalilia. Nimeweka kibao kipya, maana cha zamani mchwa walikuwa wameshakisoma hadi mwisho.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka fundi baiskeli, yule mwenye kibanda kando ya njia ya mtoni? Mkewe alishikwa na uchungu majuzi, wiki kabla ya siku zake. Tukambeba kwa machela kumpeleka hospitali ya wilaya, ng'ambo. Tulipofika mtoni tukakuta maji yamejaa hadi kwenye majani. Hakuna kuvuka. Akajifungulia pale pale ukingoni, juu ya koti langu, mikononi mwa mkunga mstaafu ambaye bahati nzuri tulikuwa tumemchukua. Mtoto wa kike. Mama akatokwa na damu nyingi, hata wanaume waliozoea kupayuka walitazama miguu yao. Damu ikakata. Wamepona wote wawili, lakini hiyo ilikuwa bahati tu, na bahati haina zamu.

Watu wamemwita mtoto Njiani. Jumapili walikusanyika wenyewe, hakuna aliyepiga kengele. Baba mtu akasimama akasema, "Mimi wangu anaitwa Njiani. Sitaki wa jirani yangu aitwe Mtoni." Akakaa. Hotuba nzima ilikuwa hiyo, na sijasikia nzuri kuliko ile. Kabla jua halijageuka ilikuwa imeamuliwa kwamba lile ghala la pamba la ushirika, lililo tupu miaka yote hii pale kilimani, litakuwa hospitali. Kuta nene, paa zima, popo wengi.

Nilitoka kidogo kujisaidia. Niliporudi nikakuta nimekuwa mwenyekiti.

Basi nakuuliza wewe, daktari wa huko mjini, unayefanya kazi kwenye hospitali yenye ghorofa na lifti. Hospitali inaanzia wapi? Wengine wanasema geti, wengine kibao cha jina. Mimi nimesema tumuulize anayejua. Sina ombi jingine.

Mjomba wako


2 Machi 1986

Mjomba, shikamoo.

Mwambie mkazamjomba sijakonda, nguo ndizo zimepanuka. Mimi ni mzima, nakula, nalala nikipata nafasi. Wodi ya upasuaji iko ghorofa ya tatu, na ile lifti unayoisifia imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo wagonjwa tunawapandisha kwa machela kama ninyi, tofauti ni kwamba sisi tunapanda ngazi na ninyi mnateremka mtoni. Barua yako nimeisoma chumba cha mapumziko, nikacheka peke yangu hadi wauguzi wakanitazama. Asante kwa kaburi la mama.

Hospitali inaanzia kwenye maji. Msinunue chochote, msipake rangi, msitengeneze geti, mpaka maji yafike ndani ya ghala na mtu aweze kunawa mikono bila kumwomba mtu. Baada ya maji ni choo, mbali na maji hayo. Popo wahamisheni kwa heshima, lakini wahame, na sakafu isuguliwe hadi mkunga aridhike, si hadi ninyi mridhike. Kisha tengeni chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa mashariki, mtu aweze kushona kidonda kwa mwanga wa jua siku taa ikigoma. Geti lisubiri. Kibao kiwe cha mwisho. Mtu akiumwa ataulizia.

Huyo mkunga mstaafu mshikeni msimwachie. Mpeni cheo, mpeni kiti, mpeni ufunguo.

Na mimi nina swali, si ndilo jina langu? Ulinipa mwenyewe, nilipokuwa binti mdogo nisiyeweza kupita mbele ya karakana yako ya useremala bila kuuliza kwa nini mbao ina macho. Swali ni hili: daktari mtampata wapi?

Nauliza tu.

Mpwa wako


20 Aprili 1986

Swali wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Mikono iliyoandika barua hii ina malengelenge. Nyumbani wote wazima. Mkazamjomba wako hasemi tena kwamba umekonda, sasa anasema unafanya kazi kupita kiasi, kwa hiyo umepanda daraja.

Tumechimba mfereji wa bomba kutoka chemchemi ya juu hadi ghalani. Kila kaya ilipewa kipande chake. Mwalimu mkuu alichimba akiwa na tai shingoni, na hakuivua hata ilipogeuka rangi ya udongo. Akina mama walibeba mchanga wakiimba nyimbo za kutusimanga sisi wanaume, nzuri sana, nyingine zilinitaja kwa cheo. Ilipofika siku ya kufungulia maji, umati ukazunguka bomba. Bomba likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, likatema chura, na nyuma ya chura yakaja maji. Watu wakapanga foleni kunawa mikono, hata waliokuwa wametoka kuoga. Fundi baiskeli alimnawisha Njiani mikono na uso, na mtoto akakasirika akatupigia kelele wote, ndiyo ikawa hotuba ya ufunguzi.

Mkunga mstaafu tumempa cheo cha Matroni. Ufunguo ameutundika shingoni, na tangu siku hiyo anatembea tofauti. Popo aliwahamisha yeye mwenyewe kwa moshi. Nadhani waliondoka kwa kumwogopa.

Vitanda natengeneza mimi. Cha kwanza nilikifanya kwa kimo cha meza yangu ya useremala, ndicho kimo ninachokijua. Matroni akakizunguka akasema, "Mwenyekiti, hiki ni kitanda au ni dari?" Nikakata miguu. Vingine vimetoka vizuri. Mbao nzito siku hizi wanabeba vijana, mimi nasimamia. Mwenyekiti asiposimamia atasimamia nani?

Kuhusu daktari, Mungu hamtupi mja wake.

Mjomba wako


25 Mei 1986

Mjomba, shikamoo.

Huku salama, joto tu. Chura nimemsimulia kila mtu wodini, na mgonjwa mmoja niliyemshona tumbo aliniomba nisimalizie, nyuzi zisije zikakatika kwa kicheko. Hongereni sana. Kweli nawaonea fahari.

Nimekuuliza kuhusu daktari ukanipeleka kwa Mungu. Mungu namjua, nasali kwake kila siku. Niliuliza kuhusu daktari.

Na tangu lini wewe unasimamia? Mtu niliyekuwa nikimwona anabeba mlango mzima begani huku anapiga mluzi, leo anasimama pembeni kutazama vijana wakibeba ubao? Au mluzi nao wanakupigia wao?

Hapa wakubwa wananizungumzia niwe msaidizi wa mkuu wa wodi. Watu wananipongeza kabla sijajibu. Bado nafikiri.

Niandikie upesi safari hii.

Mpwa wako


10 Agosti 1986

Swali wangu mpendwa,

Hongera kwa hicho cheo cha wodi. Nimemwambia kila mtu, na mkazamjomba wako amelia kidogo, kisha akaenda kumwambia kila mtu mwingine niliyemsahau. Mama yako angefurahi. Endelea huko huko, usitazame nyuma.

Sisi tumefungua. Ndiyo, hospitali imefunguliwa. Tabibu tuliyemwomba wilayani amefika na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Ni kijana mpole, amesomea kutibu na amefundishwa pia upasuaji mdogo mdogo na ule wa kuwatoa watoto wanaokataa njia. Kila kitu anafanya polepole. Akikuuliza unaumwa wapi, anangoja jibu kana kwamba ana siku nzima, hata kama foleni imefika kwenye mwembe wa shule. Watu wamemwita Taratibu. Mwanzo walilalamika. Sasa wanalalamika wakikuta hayupo.

Siku ya ufunguzi kulizuka ugomvi kuhusu nani awe mgonjwa wa kwanza. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, lakini wote walitaka. Mzee mmoja alikuja na kikohozi cha kuazima, akakikohoa vibaya, kila mtu akajua si chake. Tabibu alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kwa utaratibu ule ule, kisha akasema, "Mzee, kifua chako kinanizidi uzima." Watu waliangua kicheko. Mimi peke yangu nilikuwa nimekaa, kwenye kiti cha mwenyekiti, nikacheka hadi nikajishika ubavu wa chini. Mshindi alikuwa mkazamjomba wako. Alikuwa na mwiba wa kweli kidoleni, na nina hakika alikwenda kuutafuta.

Fundi baiskeli ametuletea zawadi: machela yenye magurudumu mawili ya baiskeli, inavutwa na mtu mmoja na haimtikisi mgonjwa. Aliijaribu kwa kumbeba Matroni kuzunguka uwanja. Matroni alishika kingo kwa mikono miwili na uso wa hakimu.

Matroni ametunga sheria. Wageni wawili tu kwa kila kitanda. Kuku wasiingie wodini. Kuona wagonjwa ni alasiri peke yake, na mlinzi asimruhusu mtu kabla ya hapo. Kwenye kamati wengine walinung'unika, nikasimama nikasema sheria ni sheria, mtu hata awe nani. Ikapita. Nikatia sahihi kwa wino mwekundu.

Kuhusu kubeba mbao, ni mgongo tu, mambo ya umri.

Mjomba wako


7 Septemba 1986

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mkazamjomba hajambo na kidole chake kimepona. Kwa hiyo mmepata tabibu. Nimefurahi. Nimefurahi sana. Nimeandika mara mbili ili uone.

Sasa nikuambie kitu, na usikunje barua hii kabla ya kumaliza. Mwezi wa nne hubebi mbao. Mwezi wa nane kila mtu amesimama, wewe umekaa kwenye kiti, wewe ambaye hata chakula ulikuwa unakula umesimama mlangoni pa karakana. Unaniambia ni mgongo. Kisha unacheka na kujishika ubavu wa chini. Ubavu hauna chini, Mjomba. Huko chini ni kinena.

Una uvimbe hapo. Unatoka ukikohoa au ukiinua kitu, unarudi ukilala. Umeuficha mwaka sasa au zaidi. Hiyo ni ngiri, na mimi ninashona ngiri kila wiki, kwa hiyo usinidanganye kwenye kazi yangu mwenyewe. Si jambo la aibu. Linakuwa jambo la hatari siku ule uvimbe utakapokataa kurudi ndani, utumbo ukabanwa. Siku hiyo hutakuwa na muda wa kuvuka mto.

Nimemwandikia Tabibu. Najua utakasirika. Kasirika ukiwa mzima.

Mpwa wako


5 Oktoba 1986

Kwa mpwa wangu,

Sisi wazima. Mahindi yamezaa vizuri. Njiani ameota jino.

Ngiri ninayemjua mimi ana meno yaliyochomoza na anakaa porini. Huyo Tabibu wako alikuja karakana eti kuagiza rafu ya dawa, akaniuliza urefu, upana, aina ya mbao, na wakati wote alikuwa anatazama ninavyosimama. Mwisho akasema, "Mwenyekiti, nitakuhitaji wewe kabla ya rafu." Nimemwambia baada ya mavuno. Nitaonekanaje, mwenyekiti wa hospitali kulazwa, watu wakija kuomba ushauri wanikute sina suruali?

Usiniandikie tena habari hizo. Niandikie za kwako. Umeshakalia kiti chako kipya?

Mjomba wako


11 Novemba 1986

Swali,

Naandika nimelala, kwa hiyo herufi zikipanda mlima usishangae. Nipo wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Nimekitengeneza mwenyewe, na sasa najua kwamba upande wa kichwa kuna ubao unaohitaji randa. Niko hai. Naanza na hilo, najua wewe na mkazamjomba wako mnasoma barua kwa kuruka.

Ilikuwa hivi. Ijumaa asubuhi nilikuwa peke yangu karakana, nikainua benchi kulisogeza. Jambo dogo, mtu unajisahau. Nikahisi kitu kimetoka na kimekataa kurudi. Nililala chali kama nilivyozoea, nikasubiri, kikakataa. Maumivu yakaja, nikatapika. Mkazamjomba wako aliponikuta nilikuwa nimeshika mguu wa meza kama mtu anayezama. Hakupiga kelele. Alitoka mlangoni akamwita fundi baiskeli kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa yetu yote, na machela yenye magurudumu ikaja inakimbia.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na mto ulikuwa umejaa. Hakuna aliyeutaja, lakini njiani niliona kila mtu anatazama upande huo kisha anageuza uso. Tukapanda kilimani.

Tabibu alinishika tumbo kwa utaratibu wake. Safari hii sikuona kama anachelewa. Akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu. "Mwenyekiti," akasema, "utumbo umebanwa. Lazima nifungue leo, sasa hivi. Nimeshafanya kazi hii, na mpwa wako ameniandikia kurasa nzima jinsi anavyofanya yeye. Lakini ni mwili wako. Unasemaje?"

Nilimuuliza, "Ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi ningeogopa," akasema, "halafu ningekubali."

Sijui kama mnafundishwa kujibu hivyo. Mimi kilinitosha. Nikakubali.

Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikaenda zake, nikabaki nusu mtu. Kichwa kilikuwa kizima, ndiyo balaa, nikasikia kila kitu. Matroni aliketi kando ya kichwa changu akanishika bega. Ili nisifikirie, akaanza kuniuliza habari za kamati. Je, tumeamua nini kuhusu choo cha pili? Nikajibu. Kuhusu uzio? Nikajibu. Katikati ya uzio Tabibu akasimamisha mikono. Matroni akageuka kumtazama. Nilitazama dari niliyoipigilia kwa mkono wangu nikahesabu misumari kwa kukosa la kufanya. Kisha Tabibu akasema, kwa sauti ya chini, "Utumbo umebadilika rangi. Umerudi mwekundu. Ni mzima." Matroni akavuta pumzi akasema, "Basi mwenyekiti, tulikuwa kwenye uzio."

Nililia, Swali. Si kwa maumivu, sikuwa na maumivu. Ni kusikia sauti ile ya maji yanayotoka bombani, mtu ananawa, na kujua ni maji uliyoyachimbia mfereji.

Sasa wanakuja kunitazama kijiji kizima, alasiri, wawili wawili. Hakuna aliyecheka. Lile nililoliogopa halikutokea. Jana wanaume wawili walimwomba Tabibu faragha, na mmoja wao alitembea kwa namna ninayoijua.

Usije. Kazi yako ni kubwa na barabara ni mbaya. Mimi ni mzima.

Mjomba wako


7 Desemba 1986

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimefika salama. Barua yako ya kitandani niliikuta imesukumwa chini ya mlango wangu niliporudi kutoka kukuona, ikiniambia nisije. Imechelewa kama wewe mwenyewe. Telegramu ya mkazamjomba ndiyo iliyowahi: MJOMBA AMEPASULIWA HAJAMBO USIJE MTO UMEJAA. Nikaisoma, nikafunga begi.

Kuna mambo hukuyaona ukiwa kitandani, nakusimulia. Nilifika pale kilimani saa nne asubuhi, matope hadi magotini, baada ya kulala ng'ambo kungoja maji yapungue. Mlinzi akanisimamisha. "Saa ya kuona wagonjwa bado."

Nikamwambia mimi ni daktari.

"Karibu daktari," akasema. "Saa ya kuona wagonjwa bado."

"Mgonjwa mwenyewe ni mjomba wangu. Ni mwenyekiti wenu."

"Ndiye aliyetia sahihi," akasema, akaninyooshea kidole karatasi ya wino mwekundu.

Nikakaa kwenye benchi la nje. Mwanamke mmoja akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema siumwi. Akasema, "Basi sogea, mama, wanaoumwa wakae." Nikasimama. Nikasimama tangu asubuhi hadi alasiri, na sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile. Nilimwona Njiani, anatambaa, amenifungua kamba za viatu zote mbili. Niliona watu wakinawa pale bombani bila kuambiwa. Niliona mgonjwa akitoka kwa Tabibu akitabasamu kabla hajameza kidonge hata kimoja. Mimi nafanya kazi kwenye jengo ambamo wagonjwa tunawafahamu kwa namba ya kitanda. Pale kila aliyeingia aliulizwa habari za mama yake.

Kidonda chako nilikikagua, unakumbuka, ukageuza uso ukutani. Kimeshonwa vizuri. Nilimwambia Tabibu hivyo. Akaniambia, "Nilifanya nilichofundishwa, dada. Lakini kuna wanaoingia mlango huu na kitu nisichofundishwa. Hao nawafunga kwenye ile machela na kuwaombea mto uwe chini." Hakusema zaidi. Na yeye ni mstaarabu kama wewe, hakuniuliza kama ningerudi.

Aliyesema ni mkazamjomba. Tulikuwa tunafua mashuka yako pale nyuma. Nikamwambia kwa utani, hospitali nzima imejengwa, mjomba ameniuliza habari za maji, za popo, za madirisha, lakini neno moja hajaniuliza. Akaacha kufua. Akaniambia kwamba mama, alipokuwa anaondoka duniani, alikushika mkono akakuapisha: mtoto huyu atafika mbali, usije ukamwita arudi kwa ajili yetu. Nawe ukaapa. "Ndiyo maana anakuandikia habari za vyura," akasema. "Neno lenyewe linamkaa kooni mwaka mzima, ananisomea barua kabla ya kuituma anauliza, 'Hapa sijamwita, eh?'"

Mjomba, sasa na mimi niseme langu. Ile nafasi ya wodi niliikataa mwezi wa saba. Sikukuambia kwa sababu ulishamtangazia kila mtu, na kwa sababu nilikuwa nangoja. Kila bahasha yako niliyofungua nilitafuta mstari mmoja unaosema mnanihitaji. Nilidhani hamnihitaji. Nilivyosoma kwamba mmepata tabibu, nilikwenda kulala bila kula, nikajiita mjinga.

Kiapo chako hakijavunjika. Hukuniita. Nimekuja mwenyewe, nikasimama kwenye foleni, nikaona mahali ninapotaka kufanya kazi. Barua ya kuomba kazi nimeiandikia kamati, na nimeituma kwa Matroni, si kwako. Usiiguse.

Usiinue kitu. Hata kiti.

Mpwa wako


18 Januari 1987

Swali wangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu, na safari hii sisemi kwa mdomo tu, wamekaa karakana yangu wananitazama nikiandika. Mkazamjomba wako hajambo na ameacha kujidai hajui lolote. Mimi natembea vizuri. Mluzi umerudi.

Kamati ilikaa Jumamosi ya wiki jana. Matroni alisoma barua yako hadi mwisho, akaikunja, akanitazama. "Mwenyekiti, mwombaji ni ndugu yako. Toka nje." Nikatoka. Nikasimama chini ya dirisha, nikifikiri nitasikia japo kidogo. Lile dirisha nilitengeneza mwenyewe, Swali, na nikakuta nimelitengeneza vizuri mno, halipitishi hata neno. Nikasikia vicheko tu, kisha sauti za kugombana. Jua lilikuwa kali na mlinzi alinipa kiti chake.

Mwisho fundi baiskeli akatoka na uso mzito. "Mwenyekiti, kuna tatizo."

Nikainuka kitini. "Wamemkataa?"

"Kumkataa?" akasema. "Hilo lilikwisha kabla hujafunga mlango. Wanagombania atakaa nyumbani kwa nani. Matroni anasema kwake, mwalimu mkuu anasema kwake, mke wangu anasema yeye ndiye aliyezaa njiani na haki ni yake. Ingia utuamue."

Nikaingia nikasema daktari anataka mlango wake na usingizi wake, tumjengee. Ikapita bila kura. Msingi tumeshachimba, nyuma ya chumba cha upasuaji, mahali penye upepo. Mimi sibebi kitu, nachora mistari tu kwa chokaa na kuwasumbua wengine. Tabibu alikuja asubuhi na jembe, akachimba kwa utaratibu wake, na nilipomwambia apumzike akasema hii ni kazi anayotaka iende haraka.

Jana nilikwenda peke yangu kwa mama yako. Nilimsimulia yote, tangu maji hadi ngiri, na jinsi ulivyokataliwa mlangoni. Nilikaa pale muda mrefu. Nadhani mtu akikuapisha umwache mtoto aende, hakukuapisha umfungie njia ya kurudi. Lakini mimi ni seremala, si mwanasheria, nilishika kiapo kama kilivyo. Nisamehe kwa usiku ule uliolala bila kula.

Uamuzi wa kamati utaupata kwa barua yake, yenye muhuri, Matroni ameiandika kwa lugha nzito. Hii ni yangu mimi. Sasa umeshaamua mwenyewe na kamati imeshaamua, hakuna tena ninachokivunja, kwa hiyo nimewatoa wote nje ya karakana nikafunga mlango ili niandike lile neno nikiwa peke yangu.

Njoo, mwanangu. Njoo nyumbani.

Mjomba wako